Chukwani: Reli ya Sultani na Umeme wa Raia

Sayyid Barghash bin Said, aliyeitawala Zanzibar tangu mwaka 1870 hata alipofariki mwaka 1888, alikuwa na kasri yake ya mapumziko Chukwani, kusini ya mji, mahali penye upepo mwanana wa bahari; na ili asipate mashaka ya njia, mwaka 1879 aliamuru itandikwe reli nyembamba ya maili 7 hivi kutoka mjini hadi huko, mabehewa yake yakivutwa kwanza na nyumbu, kisha na garimoshi dogo lililoagizwa Uingereza. Wavuvi na wakulima wa Chukwani waliliona likipita. Reli ile ilikuwa ya kasri, na mwenyewe alipofariki nayo ikang'olewa.

Hata hivyo, insafu yataka tuseme kwamba Barghash huyo huyo aliwaletea watu wa mji maji safi ya mifereji kutoka chemchemi za nje ya mji, wakayateka bila ya malipo. Hazina moja, zama moja: neema moja ilikomea mlangoni mwa mtawala, na ya pili ikafika mtungini mwa maskini. Umeme wa Unguja, kwa miaka mingi, ulifuata njia ya reli.

Beit al-Ajaib, jumba la Barghash mjini lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa miongoni mwa majumba ya mwanzo Afrika Mashariki kuwashwa taa za umeme, na mji ukafuatia baadaye. Lakini shamba lilibaki na kibatari, yaani kopo la bati, utambi wa tambara na mafuta ya taa, moshi ukipanda usiku kucha hadi makutini, na mtoto akiuinamia msahafu wake karibu na ule moto mpaka macho yakamchonyota. Ilikuwa katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Norway, ndipo nguzo zilipoanza kusimikwa vijijini kwa wingi. Uroa, kijiji cha pwani ya mashariki, kiliupata umeme mwaka 1990, na mtaalamu wa Kinorwe, Tanja Winther, aliyekaa na wanakijiji, akaandika kitabu kizima juu ya mabadiliko hayo. Taa ziliwaka, lakini nyumba nyingi zilishindwa na gharama za kuungiwa, na jikoni akina mama waliendelea kupulizia kuni na makumbi.

Umeme wenyewe ulitoka bara, kwa waya uliozamishwa baharini mwaka 1980 na kuibukia Fumba, kusini ya Chukwani. Ulipokatika Mei 2008, kisiwa kilikaa kizani karibu mwezi mmoja. Na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu. Mahoteli yaliwasha majenereta. Pampu za maji zikasimama, na wanawake wakarudi visimani na ndoo zao, hata katika mitaa ambamo mabibi zao waliyakinga maji ya Barghash. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, nao ni faraja kubwa. Ila wingi wa umeme haujamwambia mtu yeyote nani aunganishwe kwanza.

Kinyasini, kaskazini ya kisiwa, wanawake wa vijijini, wengine wao wasio na elimu kubwa ya skuli, wamefundishwa na Chuo cha Barefoot kuunda na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua, kisha wakarudi kuwasha nyumba za majirani zao. Na Baraza la Wawakilishi sasa limo Chukwani, katika ardhi ile ile iliyofikiwa na reli ya mtu mmoja. Naliomba Baraza hilo litunge kanuni zinazomruhusu mnyonge kulipa gharama za kuungiwa kidogo kidogo. Zinazoamrisha wanakijiji waulizwe kabla ya ardhi yao kutandazwa paneli za jua, nao wawe wa mwanzo kuupata umeme utokao hapo. Na zinazowapa mafundi wa Kinyasini ajira yenye mshahara, kwani hadi leo ndio wanaofika kule ambako nguzo hazijafika.