Nani Alipanga Bei ya Maji ya Dar es Salaam?

Kila mjadala wa maji ya Dar es Salaam unapofufuka, hakosekani wa kudai kwamba kampuni ya maji ya City Water iliangushwa na wakazi wenyewe, eti walizoea vya bure na hawakutaka kulipa bili. Nashuku wengi wanaolirudia dai hilo hawajapata kuifungua hukumu ya Julai 24, 2008 katika kesi ya Biwater Gauff dhidi ya Tanzania, iliyotolewa na jopo la usuluhishi la ICSID, kituo cha kimataifa cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji. Ni hukumu ndefu na kavu. Hata hivyo, kwa anayetaka kujua bei ya maji ya jiji hili ilikuwa ikibishaniwa na akina nani, sijaona kumbukumbu inayoishinda.

Ya nyuma yanajulikana. Kulikuwa na mtambo wa maji wa Mtoni, kisha Ruvu Juu mwaka 1959 na Ruvu Chini 1976. Mamlaka ya maji ilikuwa NUWA, halafu DAWASA mwaka 1997. Miaka yote hiyo bei ilikuwa jambo la serikali, na mwananchi aliisikia ikishapangwa.

Kisha ukaja ubinafsishaji, ukiwa sharti la mkopo. Zabuni ilipata mwombaji mmoja tu: Biwater ya Uingereza pamoja na Gauff ya Ujerumani, ambao waliungana na Superdoll ya hapa nchini kuunda City Water. Kampuni ilianza kazi Agosti 1, 2003 kwa mkataba wa miaka 10. Bei aliyotozwa mteja ilikuwa na mafungu matatu: la kampuni, la DAWASA mwenye mali, na la mfuko wa kuwaunganishia maji wateja wapya. Sheria ya kuunda EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ilikwisha kupitishwa mwaka 2001, lakini chombo chenyewe kilikuja kuanza kazi 2006. Kwa hiyo kampuni ilipolemewa na kutaka bei ipitiwe upya, meza ilikuwa ya watatu: kampuni, DAWASA na wizara. Mwananchi alipewa wimbo. Fedha za msaada wa Uingereza ziligharimia kampeni ya kuunadi ubinafsishaji, na mwanamuziki Kapteni John Komba akauimbia. Kama huko ndiko kushirikisha umma, basi na mpiga debe wa daladala anawashirikisha abiria katika kupanga nauli.

Mei 2005 serikali ilitangaza kuuvunja mkataba. Juni 1 ikaitwaa mitambo na kuwafukuza nchini mabosi wa kampuni. Jopo lilisema wazi kwamba hapo Tanzania ilikiuka mkataba wake na Uingereza wa kulinda wawekezaji. Sioni haja ya kuitetea serikali kwa ubabe ule. Ila jopo halikutoa fidia hata senti, kwa kuwa kampuni ilikuwa imekwisha kufa kifedha, na chanzo kikubwa lilikiona katika zabuni mbovu na uendeshaji mbovu. Lile dai la vya bure linaishia hapo.

Kinachonivuta zaidi ni amri ndogo ya Februari 2007. Asasi tatu za hapa nchini, LEAT ya wanasheria wa mazingira, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TGNP ya masuala ya jinsia, pamoja na asasi mbili za nje, waliomba kusikilizwa kama marafiki wa mahakama. Kampuni ilipinga. Jopo likawaruhusu kuandika, lakini si kuhudhuria vikao wala kusoma nyaraka za kesi. Yaani waliosema kwa niaba ya watumiaji wa maji walitakiwa kuujadili mkataba wa maji yao gizani. Wakaandika hivyo hivyo, na hukumu yenyewe inakiri kwamba hoja zao zilisaidia.

Leo kuna taftishi, yaani kikao cha wazi cha kukusanya maoni ya umma kuhusu bei. Sheria inaitaka EWURA ikusanye maoni kabla ya kubadili bei. Mamlaka ya maji inaeleza gharama zake, na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji linajibu. Wataalamu hunung'unika kwamba watu huja kulalamikia mgao badala ya kujadili bei. Hoja hiyo sina subira nayo. Bomba likikauka mwenye nyumba hununua dumu, kwa hiyo mgao nao ni bei. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Tuseme mwenye mkokoteni anauza dumu shilingi 200 mlangoni: uniti imefika shilingi 10,000, mara kadhaa ya bei ya bomba. Amri za EWURA hupanga bei ya bombani na ya kioski. Dumu likishapanda mkokoteni, halina amri. Hesabu hiyo ya madumu ndiyo ingefaa kutangulia mezani siku ya taftishi, kabla DAWASA haijafungua ya kwake.