Chase au Sewell: Mjadala wa mashabiki wa Cincinnati kuhusu thamani ya chipukizi

MASHABIKI wa timu ya Cincinnati Bengals nchini Marekani walitumia miezi ya kwanza ya mwaka 2021 wakibishana vikali kuhusu vijana wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amegusa mpira katika mechi rasmi kwa zaidi ya mwaka mzima.

Wa kwanza alikuwa Ja'Marr Chase, mpokeaji wa pembeni kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana (LSU). Wa pili alikuwa Penei Sewell, mkingaji mwenye umbo la kutisha kutoka Chuo Kikuu cha Oregon. Wote wawili walikuwa wameamua kutocheza msimu wa 2020 kutokana na janga la Covid-19. Bengals ilikuwa na nafasi moja tu ya kuchagua, na swali lilikuwa jepesi kuuliza kuliko kujibu: je, chipukizi wa kudaka mpira ana thamani gani kwa timu ambayo mrusha mpira wake hawezi kusimama wima?

Kwa msomaji aliyezoea kandanda au raga, maelezo machache yanahitajika. Futiboli ya Kimarekani huchezwa na wachezaji 11 kila upande katika uwanja wa yadi 100. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga yadi 10. Ikifaulu huongezewa mengine manne, ikishindwa hupoteza mpira. Kiungo cha mashambulizi yote ni kwotabeki, ambaye hupokea mpira, hutazama mbele na kuurusha. Wapokeaji wa pembeni hutimua mbio wakiwakwepa mabeki ili waudake. Mbele ya kwotabeki husimama ukuta wa wakingaji watano ambao kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie. Akifikiwa na kuangushwa akiwa bado na mpira, timu hurudi nyuma na mwili wake huumia. Tachidauni, ambayo ni binamu ya trai ya raga, huleta pointi sita.

Wakenya walioanza kuufuatilia mchezo huu mnamo 2013, wakati mchezaji wa raga Daniel Adongo alipojiunga na Indianapolis Colts, wanafahamu kwamba vigogo wake hawanunui chipukizi sokoni kama zifanyavyo klabu za Uingereza. Kila mwaka timu 32 za ligi ya NFL huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na iliyofanya vibaya zaidi hutangulia. Ukimchagua mmoja, umemwachia jirani mwingine. Kwa hivyo thamani ya chipukizi huko haipimwi kwa alichofanya pekee. Hupimwa pia kwa kulinganishwa na yule aliyeachwa, na mashabiki hawasahau jina la aliyeachwa hata baada ya miaka 20.

Kidonda cha Cincinnati kilikuwa kibichi. Mnamo 2020 timu hiyo ilimteua Joe Burrow, kwotabeki aliyekuwa ametoka kuiongoza LSU kutwaa ubingwa wa vyuo vikuu, kuwa chipukizi nambari moja nchini. Katika mechi 10 aliangushwa mara 32. Novemba 22, 2020, dhidi ya timu ya Washington, mishipa ya goti lake la kushoto ilikatika na msimu wake ukaisha. Bengals ilimaliza na ushindi mara nne, vichapo 11 na sare moja, ikapata nafasi ya tano katika uteuzi wa mwaka uliofuata.

Waliomtaka Sewell walikuwa na hoja isiyohitaji takwimu nyingi. Mpokeaji hodari hana maana ikiwa anayemrushia mpira amelala chali. Kijana huyo wa Oregon alikuwa ameshinda tuzo ya Outland ya mkingaji au mlinzi bora wa ndani wa vyuo mwaka 2019, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili tu. Isitoshe, Bengals tayari ilikuwa na Tyler Boyd pamoja na Tee Higgins, ambaye katika msimu wake wa kwanza wa 2020 alikuwa amedaka mipira 67 na kusonga yadi 908. Kuongeza mpokeaji wa tatu, walisema, ni sawa na klabu ambayo kipa wake hushambuliwa kama njugu kwenda sokoni kutafuta mshambulizi.

Nao walikuwa na mzimu wa kuutaja. Mwaka 2017 Bengals ilitumia nafasi ya tisa kumteua John Ross, mpokeaji aliyekuwa amekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22, kasi iliyokuwa rekodi ya majaribio ya NFL wakati huo. Katika msimu wake wa kwanza Ross hakudaka hata mpira mmoja.

Historia kwa jumla iliwaunga mkono wenye tahadhari. Randy Moss aliteuliwa wa 21 mwaka 1998 na bado akaifungia Minnesota Vikings tachidauni 17 katika msimu wake wa kwanza. Mwaka 2003 Detroit Lions ilimteua mpokeaji Charles Rogers katika nafasi ya pili kabisa; siku ya mechi yake ya kwanza, chipukizi mwenzake wa Arizona Cardinals, Anquan Boldin, aliyeteuliwa wa 54, alisonga yadi 217 mbele ya mashabiki hao hao wa Detroit. Rogers hakufika mbali. Boldin naye alimaliza msimu na mipira 101 aliyodaka, lakini Cardinals ilishinda mechi nne tu. Tunda hilo lina mbegu mbili: wapokeaji bora hupatikana hata chini kwenye orodha, na chipukizi anaweza kung'ara huku timu yake ikizama.

Upande wa Chase ulijibu kwa kutaja jina moja: Burrow. Wawili hao walikuwa wamecheza pamoja LSU mwaka 2019, ambapo Chase alidaka mipira 84, akasonga yadi 1,780 na kufunga tachidauni 20. Kwotabeki anayejua mpokeaji wake atakuwa wapi kabla hajafika hurusha mpira mapema, na mpira uliorushwa mapema humpunguzia adui muda wa kumwangusha. Wakingaji wazuri, upande huu uliongeza, wangeweza kupatikana katika raundi za baadaye. Mtu wa kufunga kutoka yadi 70 ni nadra kama maji jangwani.

Aprili 29, 2021, katika uteuzi uliofanyika Cleveland, Bengals ilimtaja Chase. Lions ilimtwaa Sewell nafasi mbili baadaye. Chase alipata mkataba wa miaka minne wa takriban dola milioni 30.8, huku mkingaji Jackson Carman akiteuliwa katika raundi ya pili ili kuwatuliza waliokasirika. Hawakutulia.

Mechi za kujipima nguvu za Agosti ziliwapa silaha. Chase aliponyokwa na mipira kadhaa iliyomfikia mikononi. Alipoulizwa, alieleza kwamba mpira wa NFL ni mkubwa kuliko wa vyuo na hauna mistari myeupe ya kumsaidia kuuona unavyokuja. Maelezo yenyewe yalikuwa ya kweli kabisa, lakini shabiki aliyekwisha kukasirika hataki somo kuhusu rangi ya mpira. Kwa majuma mawili hivi, kijana wa miaka 21 alichekwa kote nchini kabla ya kucheza mechi moja ya ligi.

Kisha ligi ikaanza. Septemba 12, 2021, dhidi ya Vikings, alidaka mipira mitano, akasonga yadi 101 na kufunga tachidauni ya yadi 50. Bengals ikashinda 27-24 katika muda wa ziada. Oktoba 24 aliisumbua Baltimore Ravens kwa yadi 201.

Januari 2, 2022, walipowaalika mabingwa wa kanda yao, Kansas City Chiefs, alidaka mipira 11 na kusonga yadi 266, rekodi ya chipukizi katika mechi moja, akafunga tachidauni tatu. Mpira ambao wajuzi waliuthamini zaidi haukuwa hata mmoja wa hizo tatu. Bengals ilihitaji yadi 27 katika jaribio la tatu, dakika za mwisho, na Burrow akautupa juu upande wa Chase kana kwamba anaurudisha nyumbani. Chase aliudaka kwa yadi 30. Bengals ilishinda 34-31 na kutwaa ubingwa wa divisheni yake.

Msimu wa kawaida ulikamilika akiwa na mipira 81, yadi 1,455 na tachidauni 13. Alikuwa amevunja rekodi ya yadi 1,400 ambayo Justin Jefferson wa Vikings aliiweka mwaka mmoja tu awali miongoni mwa chipukizi wa enzi ya Super Bowl. Puka Nacua wa Los Angeles Rams, aliyeteuliwa wa 177, aliipita mwaka 2023 kwa yadi 1,486. Faida nyingine haikuandikwa kwenye safu ya Chase. Mabeki walipolazimika kumkaba wawili wawili, Higgins alipata nafasi na kufikisha yadi 1,091. Chase alituzwa kama chipukizi bora wa mashambulizi.

Je, mjadala uliishia hapo? La. Msimu huo huo Burrow aliangushwa mara 51, nyingi kuliko kwotabeki mwingine yeyote katika ligi.

Mechi za mchujo zilizidisha utata. Januari 15, 2022, Bengals iliipiga Las Vegas Raiders 26-19 na kupata ushindi wake wa kwanza wa mchujo tangu Januari 1991. Juma lililofuata, dhidi ya Tennessee Titans, Burrow aliangushwa mara tisa na bado wakashinda 19-16. Januari 30 waliibandua Chiefs 27-24 katika muda wa ziada. Inafaa kukumbushwa hapa, maana wengi husahau, kwamba mechi hizo mbili za mwisho ziliamuliwa na mguu wa chipukizi mwingine kabisa: mpiga teke Evan McPherson, aliyeteuliwa raundi ya tano bila mtu yeyote kugombania jina lake.

Super Bowl ya Februari 13, 2022 jijini Inglewood, California, ilikuwa ya tatu kwa Bengals baada ya kushindwa katika fainali za 1982 na 1989. Burrow aliangushwa mara saba. Rams ikiongoza 23-20 na muda ukiyoyoma, Bengals ilihitaji yadi moja katika jaribio la nne. Aaron Donald alipenya ukuta, akamshika kwotabeki na kumzungusha, na mpira ukaanguka mbali na kila mtu. Picha za video zilizotazamwa tena na tena baadaye zilionyesha kwamba Chase alikuwa amemwacha beki Jalen Ramsey na kubaki na uwanja mtupu mbele yake. Alikuwa huru. Mwenye kumrushia hakupata nafasi ya kuinua mkono.

Sekunde hizo chache ndizo muhtasari wa ubishi wote. Waliomtaka mpokeaji walionyesha kwamba alifanya hasa alichoteuliwa kufanya. Waliomtaka mkingaji walionyesha kwa nini haikutosha. Ni vigumu kumpata shabiki aliyebadilisha msimamo kwa kutazama picha hiyo, ingawa pande zote mbili ziliitazama mara nyingi.

Uongozi wa timu, kwa upande wake, ulikiri kwa vitendo. Majuma machache baada ya fainali uliwasajili wakingaji watatu, Ted Karras, Alex Cappa na La'el Collins, na mwaka 2023 ukamwongeza Orlando Brown. Ukweli wa kifedha una nafasi yake katika hesabu hii: NFL ina kikomo cha mishahara, na chipukizi hulipwa kiasi kilichopangwa kulingana na nafasi aliyoteuliwa. Akiwa bora, kwa miaka michache timu humpata nyota kwa bei nafuu na kutumia zilizobaki kwingine. Hapo ndipo thamani kubwa ya chipukizi ilipo, naye mashabiki humkumbuka mhasibu mara chache sana.

Bei nafuu hiyo huisha. Mwaka 2024 Chase aliongoza ligi nzima kwa mipira 127, yadi 1,708 na tachidauni 17, na Machi 2025 akapewa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 161. Hata hivyo, msimu huo wa maajabu Bengals ilishinda mechi tisa, ikapoteza nane na kukosa mchujo. Sewell alikuwa ametia saini mkataba wa dola milioni 112 na Lions mwaka 2024, akiwa nguzo ya timu iliyotoka ushindi mara tatu katika msimu wake wa kwanza hadi mara 15 mwaka huo.

Septemba 14, 2025, Bengals iliialika Jacksonville Jaguars. Katika robo ya pili Burrow aliangushwa, akaumia kidole gumba cha mguu wa kushoto na kuhitaji upasuaji uliomweka nje kwa mechi tisa. Chase alidaka mipira 14 siku hiyo na kusonga yadi 165, na Bengals, ikiongozwa na kwotabeki wa akiba Jake Browning, ikashinda 31-27.