Kuua kwa Dharura: Mkulima, Mnyama na Sheria katika Nchi ya Buha

Mtu anapomwua mnyama kwa kujilinda, au kwa bahati mbaya, au kwa kumwonea huruma, watu hawamhesabu sawa na yule aliyeua kwa tamaa ya nyama au pembe. Hukumu hiyo ni ya zamani, nayo imo katika desturi na pia katika sheria zilizoandikwa. Lakini historia yetu yatufundisha kwamba swali gumu si kama dharura yaruhusiwa. Swali gumu ni hili: nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba dharura imefika, na baada ya hapo mzoga uwe wa nani? Katika makala haya tutalitazama swali hilo kwa mfano wa Kasulu na Kibondo, nchi ya Waha katika Mkoa wa Kigoma.

Buha ni nchi ya milima na mabonde iliyopakana na Burundi. Maeneo yaliyojulikana kwa muda mrefu kama wilaya za Kasulu na Kibondo leo yana pia wilaya za Buhigwe na Kakonko. Upande wa magharibi kuna vilima virefu vyenye ubaridi. Upande wa mashariki nchi hushuka polepole hadi kwenye misitu ya miombo na mabwawa ya mito ya Moyowosi na Malagarasi. Kabla ya ukoloni zilikuwako tawala kadhaa, kama vile Heru, Muhambwe na Buyungu, kila moja ikiwa chini ya mtawala aliyeitwa mwami. Jina la Ntare, ambalo ni neno la simba katika lugha za eneo hilo, lilikuwa jina la kifalme. Hata Mwami Theresa Ntare, aliyetawala Heru katika miaka ya mwisho ya ukoloni, alilichukua. Mnyama aliyeogopwa kuliko wote ndiye aliyempa mtawala heshima ya jina.

Kwa mkulima wa kawaida mnyama wa porini hakuwa jambo la fahari. Nguruwe mwitu aliweza kufukua shamba la mihogo kwa usiku mmoja, na nyani waliweza kumaliza mahindi kabla ya jua kutua. Kwa hiyo kuamia mashamba kulikuwa sehemu ya kazi ya kilimo kama vile kupalilia na kuvuna. Watoto waliwinga ndege na nyani mchana. Watu wazima walikesha juu ya ulingo usiku. Mbwa, mkuki, upinde, wavu na shimo vilikuwa silaha za kuwindia, lakini silaha hizo hizo ndizo zilizolinda chakula. Mwanakijiji hakuwa na ghala mbili za silaha, moja ya uwindaji na nyingine ya kujihami.

Katika tawala nyingi za magharibi ya Tanganyika, mtu aliyeua tembo alipaswa kumpelekea mtawala sehemu ya pembe, na ngozi ya simba au chui ilikwenda ikulu. Tusiipambe desturi hiyo kupita kiasi, kwani ilimnufaisha mtawala. Hata hivyo ilikuwa na maana nyingine: mauaji ya mnyama mkubwa hayakuweza kufichwa. Aliyeua alikuja mbele ya watu, akasimulia yaliyompata, akaacha mkononi mwa wengine kile chenye thamani zaidi.

Ukoloni ulileta sheria ya namna nyingine. Mwaka 1896, Gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann alitoa amri iliyoanzisha leseni za kuwinda na kutenga maeneo ya hifadhi. Waingereza walioshika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendelea na njia hiyo. Mwaka 1933 mataifa yenye makoloni Afrika yalitia sahihi mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama na mimea, uliotaka nyavu, mashimo, mitego na kuzingira wanyama kwa moto vikatazwe kadiri iwezekanavyo. Haya yalisemwa kwa ajili ya kuwaokoa wanyama, na ni kweli kwamba wengi walikuwa wamekwisha uawa, hasa kwa bunduki na kwa biashara ya pembe. Lakini waliotia sahihi hawakupata kulala juu ya ulingo. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bunduki ya mwenye leseni ilihesabiwa kuwa uwindaji wa haki. Wavu wa mkulima ukawa hatia.

Mwaka huo huo wa 1933 Buha ilipatwa na jambo lingine kubwa. Tangu miaka ya 1890, ugonjwa wa sotoka ulikuwa umeua ng'ombe na wanyama wa porini wengi mno katika Afrika ya Mashariki. Mifugo ilipokwisha, na watu kupungua kwa njaa na vita, vichaka vilirudi, na pamoja na vichaka wakaja mbung'o. Malale ya aina kali yaligunduliwa Maswa mwaka 1922, na baadaye yakaenea upande wa magharibi. Serikali ya kikoloni, kwa ushauri wa madaktari wa malale kama vile Dk. George Maclean, iliamua kuwahamisha watu na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa. Katika Buha kazi hiyo ilianza mwaka 1933. Familia ziliacha mashamba, migomba na makaburi ya wazee wao.

Makazi hayo yaliokoa maisha ya watu, na haifai kukana jambo hilo. Lakini nchi iliyoachwa wazi haikubaki tupu. Pale palipokuwa na vijiji na moshi wa jikoni pakawa na pori, na pori likawa la nyati, pongo na mbung'o. Mwaka 1958 watafiti nchini Kenya walithibitisha kwamba pongo aweza kubeba vijidudu vya malale vinavyowaua watu. Mpaka kati ya mtu na mnyama ulikuwa umelindwa na jembe la mkulima pamoja na silaha zake. Vyote viwili vilipoondolewa, mpaka ukasogea.

Serikali yenyewe ilipoona dharura imefika, haikujinyima. Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyama katika Tanganyika, ndiye aliyeongoza baadaye utafiti wa mbung'o huko Shinyanga hadi alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Mtu mmoja alipewa kwanza kazi ya kuwalinda wanyama, kisha kazi ya kupambana na mdudu aliyeishi kwa damu yao. Baadaye, huko huko Shinyanga, lilifanywa jaribio la kuwaua maelfu ya wanyama ili mbung'o wakose chakula. Basi tuone: kuua kwa kujilinda hakukukatazwa. Kilichobadilika ni kwamba haki ya kuitambua hatari iliondoka kijijini ikahamia ofisini.

Baada ya uhuru watu wa Buha walihamishwa tena, safari hii kwa Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, wakaingizwa katika vijiji vipya. Na suala la wanyama likatungiwa sheria ya nchi huru. Sheria ya Hifadhi ya Wanyamapori ya mwaka 1974, na ile ya mwaka 2009 iliyochukua mahali pake, zinakubali kwamba mtu aweza kumwua mnyama anapohatarisha uhai au mali. Lakini aliyeua hutakiwa kutoa taarifa, na nyara ni mali ya Serikali. Kanuni za mwaka 2011 ziliongeza kifuta machozi kwa aliyefiwa au kujeruhiwa na kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao. Hapo twaona desturi ya kale imerudi katika vazi jipya: sema ulichofanya, wala usifaidike nacho.

Kanuni hiyo yatufaa pia kwa namna nyingine mbili za dharura. Ya kwanza ni bahati mbaya. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na magari yamewagonga wanyama wengi humo. Dereva hakukusudia, hata hivyo hutozwa faini kwa kadiri ya mnyama aliyemgonga, kwa sababu bahati mbaya ya mtu aendaye kasi haikosi sehemu ya uzembe.

Ya pili ni huruma, na mfano wake tunao hapo jirani ya Kasulu, huko Gombe. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio uliwakumba watu wa Kigoma na sokwe wa Gombe pia. Sokwe mmoja mzee, ambaye watafiti walimwita Mr. McGregor, alipooza miguu yote miwili, akawa anajiburuta kwa mikono. Jane Goodall na wenzake walijaribu kumlisha na kumtunza. Lakini bega lake lilipoteguka, wakaamua kumpiga risasi ili asiendelee kuteseka. Sokwe wengine walipewa chanjo ndani ya ndizi. Goodall hakulificha tendo hilo. Alilieleza kitabuni, pamoja na uchungu wake.

Basi, dharura ya kweli ina alama mbili: haiogopi kusemwa hadharani, na haimwachii aliyeua faida. Lakini alama hizo zamtaka pia mwenye mamlaka awe karibu kiasi cha kusikia. Mkulima anayengoja siku nyingi askari wa wanyamapori afike shambani ataona sheria kuwa adui, na atanyamaza.

Walimu wa Kasulu na Kibondo wanayo hazina ya kufundishia jambo hili. Walioshuhudia kuhamishwa kwa mwaka 1933 karibu wote wamekwisha fariki, lakini wa mwaka 1972 wengi wangali nasi. Wanafunzi na waende kwao na daftari, wawaulize ni wanyama gani walioharibu mashamba, nani alikesha kwenye ulingo, na siku mnyama alipouawa, nani aliambiwa kwanza.