Sumu ya Nyoka na Dawa Zake katika Nchi ya Mbozi na Tunduma

Katika Kiswahili husemwa kwamba nyoka huuma, tena husemwa kwamba hugonga. Na neno hili la pili ndilo lililo karibu zaidi na kweli, kwa maana moma hatafuni kama mbwa, bali hurusha kichwa mara moja na kukirudisha, hata aliyegongwa gizani hudhani amechomwa na mwiba. Watu wengi wa bara huchelea kulitaja jina la nyoka usiku. Husema “kamba”, asije akasikia akaitika. Desturi hii haina dhara. Walakini mchana, mbele ya tabibu, jina ndilo la kwanza kutafutwa, kwa kuwa sumu hazifanani.

Nchi tunayoiandikia ni ile ya Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali na jirani zao, ambayo tangu mwaka 2016 ni Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mkoa wa Mbeya. Juu, katika Mbozi, ni baridi na mashamba ya kahawa. Kisha nchi yateremka kuelekea Momba na Ziwa Rukwa, penye joto. Panya hufuata mahindi ghalani, na nyoka humfuata panya. Ndiyo sababu wengi hugongwa nyumbani mwao wenyewe, au shambani wakiwa miguu mitupu.

Moma, ambaye wengine humwita kifutu au bafe, ni mnene na mvivu, hakimbii mtu ajapo. Sumu yake huivimbisha nyama, kisha huioza. Asiyekufa aweza kukatwa mguu. Swila mwenye kutema mate naye huharibu nyama, na mate yake yakiingia machoni yasiposafishwa upesi kwa maji mengi huweza kupofusha. Koboko ni mwingine kabisa: jeraha lake laweza kuwa dogo, lisivimbe sana, lakini kope huanguka, ulimi huwa mzito, kisha pumzi hukatika. Wako na nyoka wa miti ambao sumu yao huizuia damu isigande. Mwaka 1957 Karl Schmidt, mtaalamu mkubwa wa nyoka katika Chicago, aligongwa na mmoja wao aliyekuwa mchanga. Hakumdhania kuwa wa kuua, akaandika dalili zake moja moja, na kesho yake akafa. Basi, kama bingwa aliweza kukadiria vibaya, mkulima asilaumiwe.

Dawa ya kale ilikuwa ya waganga: kufunga kiungo kwa kamba, kuchanja, kufyonza, kupaka mizizi iliyotafunwa. Wasukuma walikuwa na chama kizima cha mafundi wa nyoka, Buyeye, ambacho Hans Cory alikiandikia habari mwaka 1946. Wanachama wake walichanjwa dawa ili sumu isiwadhuru. Wageni wengi waliwacheka watu hawa, nami sioni haki ya kicheko hicho. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 5.4 hugongwa na nyoka, na kati yao wanaoingiwa na sumu ni milioni 1.8 hadi 2.7 tu. Maana yake, nusu au zaidi wangepona hata kwa kupakwa majivu. Mganga aliwaona kwa macho yake wakiondoka wazima. Angeachaje kuiamini dawa yake?

Wala wageni hawakukosa majivu yao. Misheni nyingi, hasa za Mapadre Weupe, zilieneza jiwe jeusi la nyoka, ambalo kwa kweli ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Huwekwa juu ya jeraha, hung'ang'ania damu, watu husema lanyonya sumu. Francesco Redi wa Italia aliyajaribu mawe ya namna hii yaliyotoka Bara Hindi, akaandika mwaka 1671 kwamba hayafai kitu. Karne mbili na nusu baadaye yalikuwa yangali yakisafiri mifukoni mwa watu waliosoma.

Dawa ya kweli ilianza pale Albert Calmette, Mfaransa aliyewaona wagonjwa wa swila katika Saigon, alipotengeneza mwaka 1895 maji ya damu ya farasi aliyezoezwa sumu kidogo kidogo. Yeye alitumaini kwamba dawa moja itatosha nyoka wote. Vital Brazil wa Brazili akaonyesha kwamba sivyo: kila sumu yataka dawa yake. Huko Johannesburg kazi hii ilianza mwaka 1928 kwa nyoka wa Afrika. Lakini dawa ni ghali, nyingi zataka ubaridi, na faida ni ndogo. Kampuni ya Sanofi iliacha kuitengeneza yake ya Afrika mwaka 2014. Mwaka 2017 Shirika la Afya lilihesabu jambo hili miongoni mwa maradhi yaliyosahauliwa.

Kwa hiyo mgonjwa wa Momba angali na safari ndefu, na saa anazopoteza kwa kamba na wembe ndizo zimwuazo. Kamba huzidisha kuoza kwa nyama iliyotiwa sumu ya moma. Wembe huongeza damu. Kiungo kilichogongwa hutulizwa kwa gongo, kama mfupa uliovunjika, pete na bangili huvuliwa kabla ya uvimbe, na mtu hubebwa, asitembee. Wengine humletea tabibu nyoka mwenyewe ndani ya kiroba, ili ajulikane jina. Hao na waangalie vidole vyao, kwa kuwa kichwa kilichokatwa huweza kugonga kwa muda mrefu baada ya nyoka kufa.