Usimamizi Shirikishi Unavyojenga Ari ya Watumishi Kazini

Ari ya kazi ni utayari wa mtumishi kutumia maarifa, muda na nguvu zake kwa manufaa ya taasisi anayoitumikia. Ari hiyo haitokani na mshahara pekee. Hujengwa au hubomolewa pia na namna msimamizi anavyopanga kazi, anavyopima matokeo na anavyosikiliza maoni ya walio chini yake.

Ushirikishwaji

Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 ulielekeza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, ili wafanyakazi washiriki katika kujadili mipango na uzalishaji. Mwaka uliofuata, Mwongozo wa TANU uliwaonya viongozi dhidi ya kiburi, dharau na uonevu. Katika migomo ya viwandani iliyofuata, malalamiko hayakuhusu ujira tu, bali pia lugha na mienendo ya mameneja. Hadi sasa, baraza la wafanyakazi ndicho chombo ambacho watumishi hukitumia kujadili bajeti ya taasisi na maslahi yao.

Upimaji wa utendaji

Kabla ya mwaka 2004, mtumishi wa umma alipimwa kwa taarifa ya siri ambayo hakujua yaliyoandikwa ndani yake. Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi (OPRAS) ulimtaka msimamizi kukubaliana na mtumishi malengo ya mwaka, kuyapitia baada ya nusu mwaka na kutathmini matokeo kwa pamoja. Hata hivyo, fomu nyingi zilijazwa mwishoni mwa mwaka kwa ajili ya kukamilisha jalada, hivyo tathmini ikapoteza maana kwa aliyejituma. Mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, uliochukua nafasi yake, unataka utekelezaji wa majukumu uingizwe na kuthibitishwa kadiri kazi inavyofanyika.

Wajibu wa msimamizi

Pamoja na hayo, mfumo hauwezi kuchukua nafasi ya mazungumzo. Msimamizi anayeeleza malengo kwa uwazi, anayetoa mrejesho kwa wakati na kutambua juhudi humpa mtumishi sababu ya kujituma. Anayepuuza hayo hubaki na mtumishi aliyepo ofisini kwa mwili tu, na anayeumia zaidi ni mwananchi aliyefuata huduma dirishani.