Fahamu tofauti ya ‘angavu’ na ‘-enye kuangaza’

MGENI anayefika mbele ya Boma la Wajerumani, lililojengwa Mikindani, mkoani Mtwara, mwaka 1895, hupewa maelezo marefu juu ya historia ya mji huo, ikiwamo safari ya David Livingstone aliyepita hapo mwaka 1866 akielekea bara. Akiondoka amefumbuka macho, je, maelezo hayo yaitwe “maangavu”?

Jibu ni hapana. Angavu ni kivumishi kitokanacho na kitenzi ‘angaa’, yaani kutoa nuru. Kiishio ‘-vu’ hugeuza kitenzi kuwa sifa, kama ‘tulia’ kinavyozaa ‘tulivu’ na ‘nyamaa’ kikazaa ‘nyamavu’. Kwa hiyo angavu hueleza kitu chenyewe kilivyo. Maji ya bahari yanayoonyesha mchanga wa chini ni maangavu. Mtu mwepesi wa kuelewa ni mwangavu.

Kinachowapa wengine nuru huhitaji kauli ya kutendesha, ‘angaza’. Ndiyo maana husemwa “maelezo yenye kuangaza”, kwa kuwa yamedhihirisha jambo lililokuwapo gizani.

Yapo maneno mawili ya jirani. ‘-a kuelimisha’ husifu kinachoongeza maarifa, na ‘-a kuzindua’ husifu kinachomwamsha mtu kutoka usingizi wa fikra. Anayemtajia mgeni miaka ya majengo ya Mikindani humwelimisha. Anayemsimamisha kwenye jengo lijulikanalo kwa jina la Soko la Watumwa, kisha akamweleza kwamba katika pwani hii binadamu waliuzwa kama bidhaa, humzindua.

Tahadhari kubwa zaidi ni katika nomino ‘mwanga’. Ikiwa na wingi ‘mianga’, maana yake ni nuru. Ikiwa na wingi ‘wanga’, maana yake ni mchawi wa usiku, kutokana na kitenzi ‘wanga’. Anayetaka kumsifu mwalimu kwa kusema “yule ni mwanga” aweza kueleweka kuwa amemtuhumu uchawi, tuhuma ambayo katika jamii nyingi imewagharimu watu heshima, makazi na hata uhai.

Ni salama kusema “mwalimu yule ni mwangavu” kwa kusifu akili zake, au “mafundisho yake yanaangaza” kwa kusifu kazi yake.