Mlakasa: Mmea utambaao ambao huzuia mchanga wa Pwani kuhama

MKAZI wa Nairobi anayezuru Diani, Watamu au Lamu wakati wa likizo huenda akaukanyaga mlakasa asiutambue. Ni mmea utambaao juu ya mchanga, hatua chache kutoka mahali maji kujaa yanapokomea. Maua yake ni ya rangi ya zambarau au waridi, na umbo lake ni la tarumbeta.

Kisayansi huitwa Ipomoea pes-caprae. Jina hilo la pili ni la Kilatini, maana yake mguu wa mbuzi, kwa kuwa ncha ya jani imepasuka mfano wa ukwato. Carl Linnaeus wa Uswidi aliuweka katika jenasi ya Convolvulus mwaka wa 1753. Baadaye Robert Brown wa Uskoti aliuhamishia Ipomoea, jenasi ya kiazi kitamu.

Asiyefika Pwani anaweza kumwona nduguye jijini. Katika nyua za mitaa ya magharibi kama vile Westlands na Lavington hutambaa Ipomoea cairica, ambayo ua lake linakaribiana na la mlakasa. Tofauti i katika jani, kwani la huyu wa jijini limegawanyika mithili ya vidole vitano.

Nairobi ndiko pia iliko Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki, katika Makumbusho ya Kitaifa. Ilianzia Amani, Tanzania, mwaka wa 1902, ikahamishiwa Nairobi mnamo 1950. Bernard Verdcourt, aliyefanya kazi huko, ndiye aliyeandika juzuu ya 1963 kuhusu familia ya mlakasa, Convolvulaceae, katika mradi wa kuorodhesha mimea ya eneo hili uliokamilika 2012.

Je, mmea huu huishije penye chumvi, jua kali na mchanga usiotulia? Majani yake ni mazito na yenye nta, hivyo hayapotezi maji upesi. Shina huota mizizi katika vifundo vyake, na hata kipande kilichofukiwa na mchanga huweza kuchipuka. Kila ua huchanua asubuhi na kunyauka siku iyo hiyo. Mbegu zina manyoya na ganda gumu, nazo huelea baharini kwa miezi kadhaa bila kufa. Ndiyo sababu mlakasa umeenea katika fuo za nchi za joto kote duniani.

Manufaa yake makuu ni kuushika mchanga. Upepo ukikutana na majani hayo hupungua kasi na kuangusha mchanga uliobeba, tuta likaanza kukua na mimea mingine ikapata pa kuota. Tuta hilo ndilo kinga ya nyumba na mashamba yaliyo nyuma yake mawimbi makubwa yanapopiga.

Kwa hivyo, anayeung'oa mlakasa ili ufuo uonekane safi mbele ya hoteli au nyumba yake huondoa kinga isiyomgharimu hata senti. Ukuta wa mawe atakaoujenga baadaye utahitaji fedha na matengenezo, ilhali mlakasa hujitengeneza wenyewe.